Vipimo Nilivyovikuta Katika Koti Lako

Kaka Severini,

Shikamoo. Ninajua kwamba salamu hii haina wa kuiitikia, lakini sijapata kukuandikia bila kuitanguliza, na sioni sababu ya kuanza leo.

Nimenunua baiskeli.

Nimeiacha sentensi hiyo isimame peke yake ili uione vizuri, kwa kuwa uliingoja miaka minne. Imeegemezwa ukutani sebuleni kwangu hapa Rau, kwa sababu baraza siiamini. Kesho asubuhi, mvua isiponyesha, nitapanda nayo hadi nyumbani Kilema, na tangu juzi ninaogopa. Ndiyo maana ninakuandikia. Wewe ndiye niliyekuwa nikimpigia simu kila nilipokuwa na jambo lisilokaa sawa: mimi nililipanga kwa hatua, wewe ukalivuruga kwa kicheko, na mwisho wa mazungumzo lilikuwa limepungua uzito.

Kwanza mambo ya nyumbani. Mama anaendelea, isipokuwa goti. Kahawa tuliichuma, si kwa wakati ambao ungeutaka wewe, ila tuliichuma. Ile mibuni uliyokuwa ukiipogolea siku ulipoanguka imechipua vibaya, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuimalizia; nusu ya safu ina mkono wako na nusu ni kichaka. Baiskeli yako aliichukua mwanao Fausti, akaenda nayo Dodoma anakofanya kazi. Nyinyi wawili mlikuwa na urefu mmoja, na katika ukoo mzima hakuna aliyebisha.

Mimi, tulipoanua matanga, nilipewa koti lako la kaki, lile la shambani. Mikono yake inanifunika vidole. Mama alinitazama nikiwa nimelivaa akasema, "Utalifikia tu," maneno yale yale aliyoyasema aliponinunulia viatu vya namba yako nikiwa darasa la tatu. Nina umri wa miaka arobaini na saba, Kaka. Sidhani kama nitalifikia.

Katika mfuko wa ndani wa koti nilikuta karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye doa jeusi la utomvu wa mgomba. Ilikuwa na mistari mitatu kwa mwandiko wako: mguu wa ndani, kiwiliwili, mkono. Mbele ya kila mstari palikuwa na sentimita. Jina halikuwepo. Nilijua mara moja ni nini. Krismasi yako ya mwisho ulichukua kanda ya kushonea ya Mama, ukanivuta hadi kihambani, kwenye migomba nyuma ya nyumba, ukasema kwamba kabla mtu hajatazama baiskeli hata moja ni lazima ajue mwili wake. "Anza na miguu yako, Remi. Chuma kitafuata." Nikasimama kwenye barabara ya shamba yenye matope, karatasi hiyo mkononi, nikasema moyoni: Kaka ameniachia vipimo vyangu.

Hapo ndipo nilipoanza kazi ambayo ulinisihi niianze ukiwa hai.

Nilichora jedwali. Unalijua jedwali langu, uliwahi kusema kwamba mimi nikipewa ng'ombe nitahesabu meno yake mpaka afe kwa uzee. Safu ya kwanza ilikuwa ya fremu. Alumini ni nyepesi na bei yake inavumilika, lakini katika baiskeli ya mtumba ufa wake unaweza kujificha chini ya rangi. Chuma ni kizito, ila kikivunjika kinaungwa popote penye fundi wa kuchomelea. Safu ya pili ilikuwa ya gia. Nilikokotoa ni meno mangapi yanayohitajika mbele na nyuma ili mtu wa uzito wangu apande kutoka Himo bila kushuka, na jibu lilinitisha, kwa kuwa baiskeli nyingi za resi zinazofika sokoni zilifungwa gia za watu wanaoishi kwenye tambarare. Safu ya tatu ilikuwa ya breki, kwa sababu anayepanda Kilema lazima ashuke Kilema. Safu ya nne, nafasi ya tairi kwenye uma unaoshika gurudumu la mbele, maana tairi nyembamba kabisa hazitadumu wiki moja katika barabara yetu ya juu. Kiasi nilichokuwa nimetenga kilitosha baiskeli moja nzuri ya mtumba au mbili mbaya. Hakikutosha kukosea.

Lakini safu zote hizo zilitanguliwa na mstari mmoja juu ya jedwali, ambao ndio uliochuja kila kitu: mguu wa ndani, sentimita themanini na tisa.

Mwezi uliopita niliipata. Fremu ya alumini, uma wa kaboni, rangi ya kijivu, gia zilizo karibu kabisa na hesabu yangu. Muuzaji mmoja pale mjini alikuwa ameitundika kwenye ndoano, juu ya vichwa vya watu, kwa hiyo nilizunguka chini yake kama mtu anayetazama dari. Nilimwomba Fundi Elinami aje kuikagua. Unamkumbuka Elinami, fundi wako, yule Mlutheri uliyekuwa ukimtania kwamba hata mnyororo anaupaka mafuta kwa kiasi. Alikuja. Akapitisha ukucha kwenye rimu kuona kama zimelika. Akagongagonga uma kwa sarafu huku ameinamisha sikio. Nilimuuliza kama sarafu inatosha kugundua ufa. Akasema, "Haitoshi. Kaboni ikikasirika haipigi hodi, Mwalimu." Kisha akaiteremsha sakafuni na kuniambia niipande.

Sikuweza kusimama juu yake. Vidole vya miguu viligusa saruji, visigino havikugusa. Mikono niliinyoosha mpaka mwisho na bado usukani ulikuwa mbali, kama meza ya mtu mwingine. Muuzaji akawahi kusema kwamba siti inashushwa. Elinami alichuchumaa. Alinitazama miguu, akatazama baiskeli, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mteja: "Mwalimu, hii unamnunulia nani?"

Nilimwonyesha karatasi. Aliisoma, akaikunja kama alivyoikuta. "Hivi ni vya Seve," alisema. "Mimi mwenyewe nilimwekea siti kwa kipimo hiki."

Kaka, mimi hufundisha fizikia. Kila Januari ninasimama mbele ya darasa na kuwaambia watoto kwamba kipimo ambacho hakijarudiwa si kipimo. Nilirudia hesabu ya gia mara tano. Nililinganisha breki za aina mbili kwa kurasa tatu. Na katika miezi yote hiyo sikuchukua kanda nikapima mguu wangu mwenyewe, ambao ninalala nao na kuamka nao. Siwezi kudai kwamba ni bahati mbaya. Mtu aliyekulia katika viatu vya kaka yake hashangai anapoona namba kubwa. Anadhani kasoro iko kwenye mguu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa Mama kumuuliza vipimo vyangu vilienda wapi, kwa kuwa nilikumbuka wazi kwamba tulipimana wote wawili. Alikuwa akimenya ndizi za mtori, hakuacha kumenya. "Hukupimwa wewe," alisema. "Severini alikupa kanda umpime, ukampima. Ilipofika zamu yako ukakataa. Ulisema ardhi imelala upande."

Akanitazama. "Si ndivyo ulivyosema?"

Ndivyo nilivyosema. Ilinirudia yote, hata harufu ya majani yaliyolowa. Nilisema kwamba kihamba kina mteremko, kwamba mguu mmoja ungekuwa juu kuliko mwingine, kwamba tungepata kosa la sentimita moja au zaidi, na kwamba ni afadhali tungoje tupime mjini juu ya sakafu. Ulikunja karatasi ukaitia mfukoni. "Haya," ulisema. "Tutapima mjini."

Hatukupima mjini.

Na kuna jambo la pili, ambalo sijamwambia Mama wala mtu yeyote. Wiki mbili kabla hujaanguka ulinipigia simu kutoka Kwa Sadala. Ulikuwa umepita sokoni, ukaona baiskeli ya chuma, ya kijani, na ukasema inaonekana ni ya kimo changu. "Njoo Jumamosi tuione." Nilikuambia kwamba bado sijamaliza kulinganisha breki. Ulicheka kile kicheko chako cha puani. "Haya, Mwalimu. Baiskeli haina haraka."

Ilikuwa kweli. Baiskeli haikuwa na haraka.

Nilitaka sentensi inayofuata hapa iwe na mantiki, nimeshindwa.

Basi nikuambie nilichonunua. Elinami alinipima dukani kwake, juu ya sakafu, nimeegemea ukuta, kitabu kikiwa kati ya miguu. Sabini na tisa. Siku kumi baadaye akanitumia ujumbe kwamba imekuja moja. Ni ya chuma. Katika jedwali langu imeshika nafasi ya tatu. Ina mkwaruzo mrefu ubavuni, na breki zake ni zile za kubana rimu, si za diski, jambo ambalo ningeliweza kuliandikia kurasa nyingine tatu. Elinami aliniambia nisimalize fedha zote kwenye baiskeli. Nibakize za kofia ngumu, tairi pana kidogo, mipira mipya ya breki, na gia ya nyuma yenye meno mengi. Nikafanya hivyo. Nilipoipanda, visigino viligusa chini vyote viwili, na usukani ulikuwa pale mikono ilipofika yenyewe. Hakuna kitu nilichowahi kukivaa kikanikaa hivyo bila mtu kuniahidi kwamba nitakifikia.

Elinami alisema tu, "Sasa ni yako," akaenda kunawa mikono.

Lakini hofu haijapungua, na wewe hukupenda nikufiche. Ninaogopa upepo wa Uchira, unaompiga mtu ubavuni akiwa hana kitu cha kujikinga. Ninaogopa malori baada ya Njiapanda. Ninaogopa moyo wangu, kwa sababu tumezaliwa tumbo moja na wako ulisimama bila kutoa taarifa. Nilikwenda kupimwa shinikizo la damu, nikaambiwa liko sawa, nikarudi siku ya tatu kupimwa tena. Ninaogopa kushuka zaidi ya kupanda. Ninaogopa pia, na hili ni dogo na la aibu, kwamba nitaingia kijijini ninasukuma, nimelowa jasho, wiki hii ambayo magari ya kutoka Dar es Salaam yameanza kupanda kwa ajili ya sikukuu, na kina mama watokao kanisani watasema mwalimu amechanganyikiwa tangu afiwe. Wewe ulitaka tuingie hivyo hivyo. "Wao waje na magari," ulisema. "Sisi tutaingia kwa pumzi zetu." Sisi. Ulitumia wingi, na mimi sikuusahihisha.

Asubuhi hii nimefunga jani la isale kwenye usukani. Nilimwomba Mama alikate Jumapili ile ile, kwenye mstari wa isale unaozunguka kaburi lako na la Baba, na hakuniuliza la nini. Kwetu anayemletea mtu isale amekwisha kukiri kosa, na aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Nimelitafakari hilo kwa muda mrefu. Hutaweza kukataa, hilo ni la desturi. Lakini hutaweza pia kulipokea mkononi nikaona umelipokea, na kwa mtu wa aina yangu, jambo lisiloweza kuthibitishwa ni jambo linaloamsha mtu alfajiri. Nimeamua kulileta hivyo hivyo. Naona huenda desturi iliwekwa kwa ajili ya watu wasioweza kungoja uthibitisho, na nimechelewa kujua kwamba mimi ni mmoja wao.

Sasa ahadi yangu, na nitaiweka katika maneno ninayoweza kuyatimiza. Siahidi kupanda bila kushuka. Palipo pakali nitasukuma. Siahidi kwamba sitaogopa. Ninaahidi kufika kabla ya Mama kutoka misa, na kuimaliza ile safu ya mibuni, hata kama nitaikata vibaya.

Na jambo moja zaidi. Karatasi yako iko katika mfuko wa koti, na kanda ya Mama nitamwomba. Kipimo cha Elinami ninacho, cha sakafuni, hakina kasoro. Lakini kwenye karatasi hii hakijaandikwa. Nikifika nitasimama pale pale nyuma ya nyumba, kwenye ule mteremko, mguu mmoja juu na mwingine chini, nimpe Mama ashike ncha ya kanda. Namba itakayotoka nitaiandika chini ya zako pamoja na kosa lake lote, nami nitaweka jina.

Lala salama, Kaka. Ukisikia breki zikilia kwenye kona ya mwisho, usicheke sana. Ni mimi.

Mdogo wako,
Remi