Vibuyu Vyangu Vinaanguka na Jirani Hanisemeshi

Mama Mshauri mpendwa,

Pokea salamu zangu, nakuandikia mtoto akiwa mgongoni, kwa hivyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka ujue ni yeye anaruka, na shida yangu ni hii, naomba unisaidie.

Tunakaa landi ya reli, zile nyumba za safu za wafanyakazi, hapa Nakuru, mimi, mume wangu Dalmas na mtoto wetu Nabalayo wa mwaka mmoja, na jirani yangu wa ukuta mmoja ni Jelagat, ambaye tangu nifike kutoka Kimilili nikiwa sijui hata bomba la maji liko wapi amekuwa dada yangu, na ndiye alinipa mbegu za vibuyu, vile ambavyo kwao wanawekea maziwa, nikazipanda kando ya ua zikatambaa mpaka juu ya bati la jiko. Basi rafiki yetu Odero, shamba boi kule Milimani, akasema memsahib wake anataka vibuyu sita vigumu, avitoboe tundu na kuvitundika mitini ndege wakae ndani. Dalmas alicheka mpaka akakohoa. "Sisi watatu chumba kimoja, na ndege kila mmoja na nyumba yake!" Lakini mimi nilifurahi sana, maana Jelagat aliahidi kunifundisha kuvikausha na kuvichora.

Siku moja tukianua nguo Jelagat akanyoosha kidole kwa kibuyu cha kwanza, kikiwa kama ngumi, akasema, "Mama Nabalayo, tazama hiki, tumbo la Dalmas kabisa!" Nilicheka lakini moyo ulishtuka, kwa sababu kwetu kibuyu kichanga kinaonyeshwa kwa ngumi iliyofungwa, kidole kinakiua. Siku ya nne kikageuka njano kikaanguka. Nikaanza kufunika mimea kwa magunia kila jioni kabla watu hawajatoka kazini, wasije wakavionyesha kidole, nafunua asubuhi, lakini sasa vinaanguka vyote vikiwa vidogo kama kidole gumba, mpaka hasira ikanishika nikamwambia pale bombani mbele ya akina mama, "Jelagat, kidole chako kimeniulia vibuyu." Akaweka debe chini. "Kidole hiki ndicho kilikuchimbia mashimo ya mbegu," akasema, akaenda zake bila maji.

Leo ni siku ya tisa hatusemezani, na mtoto akisikia sauti yake ng'ambo ya ukuta analia akitaka kwenda. Je, ning'oe mimea nipande mahali asipopita, au nimwombe aondoe hicho alichoweka kwa kidole chake? Vibuyu navitaka, lakini kusema kweli yeye namtaka zaidi.

Nasimiyu wa Dalmas, Nakuru

Mwanangu Nasimiyu,

Nimecheka kwa tumbo la Dalmas, aniwie radhi. Kwa hayo mengine sikucheka.

Kibuyu si maharagwe, ambayo ua lake hujitosheleza lenyewe. Maua yake meupe hufunguka jua likishuka, na wale nondo wanaosumbua taa yako ndio hubeba unga wa ua dume na kuupeleka kwa ua jike. Ua jike utalijua, nyuma yake lina kibuyu kidogo. Lisipopata unga, hicho kidogo kinageuka njano na kuanguka. Sasa wewe, saa ile ile wageni wanapokuja, unawafungia mlango kwa gunia! Nani ameua vibuyu? Na kile cha kwanza huenda kilianguka tu. Mimi nililima vibuyu kule Bahati, na vingi vilinianguka bila kidole cha mtu.

Siwadharau wazee wa kwenu. Lakini Jelagat hakulelewa Kimilili, angejuaje? Ungemwambia siku ile ile mkicheka, angekunja ngumi na mambo yangeisha. Ulinyamaza, ukaja kumwaga yote bombani. Na Nabalayo wako, anayeonyesha kila kitu kwa kidole kutwa nzima, yeye umemfunika gunia?

Kumwomba aondoe alichoweka, usithubutu. Hakuweka kitu, na hayo yatakuwa matusi ya pili. Mimea usiing'oe.

Magunia yaondoe leo. Ulimwaibisha bombani, basi msamaha uuombe hapo hapo, akina mama wale wale wakisikia, na uwe mfupi: "Nilikosa, ni mimi." Habari ya nondo iache kwanza, mtu aliyeumia hataki somo la kilimo. Akinyamaza, jaza debe lake umpelekee mpaka mlangoni, na kesho vivyo hivyo. Akicheka, mwite jioni mchume ua dume mlisugue ndani ya ua jike, moja moja, msiwangoje nondo. Vikishika usivichume mapema. Ngoja kikonyo kikauke, baadaye vikae kivulini mpaka ukitikisa usikie mbegu zinalia ndani.

Na kibuyu cha kwanza kitakachokauka kisiende Milimani, hata Odero akija kukidai. Ndege wa memsahib wamezoea kulala mitini, wangoje. Hicho ni cha Jelagat, cha maziwa.