Bahasha ya Ukurasa wa Mwisho

Mwanjelwa, Mbeya
Jumatano, tarehe 11 Juni

Mama,

Kamwene. Naanza na salamu yako ya Kihehe kwa sababu ndiyo uliyonipa kila asubuhi mlangoni, nami nikakujibu "ndaga" ya kwetu Tukuyu, ukacheka kwamba ofisi ya serikali imefunguliwa tena bila neno la Kiswahili. Jaji mpya anasema "habari za asubuhi". Ni mtu mwema, sina neno naye. Anaandika mwenyewe kwenye kompyuta, haraka kuliko mimi, kwa hiyo siku hizi nafungua milango, napokea simu na kupanga mafaili. Kalamu zako mbili za bluu bado ziko kwenye kikombe. Hakuna aliyesema zitolewe, nami sijauliza.

Mama, kesho saa tatu hukumu ya Masanja inasomwa.

Ninaandika mchana huu nikiwa nyumbani. Naibu Msajili amenipa ruhusa ya nusu siku niandike barua ya maelezo. Nitaiandika. Ila nimeona nianze na wewe, kwa sababu wewe ndiye niliyekukosea kwanza.

Unakumbuka ulivyokuwa ukifanya kazi. Ulinipa kurasa za hukumu moja moja, zimeandikwa kwa mkono kwenye karatasi zenye mistari, nikachapa. Lakini ukurasa wa mwisho, ule wenye uamuzi, hukunipa kamwe mpaka asubuhi ya kusoma. Ulisema si kwamba huniamini, ila hutaki nitembee sokoni nikiwa na hatima ya mtu kifuani. Ukiwa unasafiri, uliufunga ndani ya bahasha ya kaki, ukasaini juu ya gundi. Uliniambia ulijifunza hivyo ulipokuwa afisa tarafa kule Usangu, enzi ukibeba mitihani ya darasa la saba kwa pikipiki, bahasha imefungwa kitenge mgongoni kama mtoto. Miaka mingi baadaye, ukiwa hakimu Chunya, kisha Iringa, kisha jaji mwenye joho jekundu, bado ulisaini juu ya gundi.

Hukumu ya Masanja ilikuwa isomwe Ijumaa. Alhamisi mchana nikapigiwa simu kwamba mama yangu mdogo amefariki Tukuyu na anazikwa kesho yake. Nilikuja kwako nikilia, nikasema nitamalizia kuchapa kwanza, niende jioni. Ukasema, "Tupoki, nenda kamzike mama yako. Hukumu tutaisoma Jumatatu." Ukanipa ile bahasha niiache masijala kabla sijaondoka, kwa kuwa nawe ulikuwa unasafiri. Nifike Jumatatu saa moja, niifungue, nichape, nikuite usaini.

Nilikuta masijala imeshafungwa. Ningeweza kumtafuta mwenye ufunguo, lakini gari la Tukuyu lilikuwa linaondoka. Nikaitia bahasha kwenye mkoba wangu na kuondoka nayo. Karatasi ya mahakama, Mama, ya kesi ya mauaji. Ilikaa msibani siku mbili, imening'inia kwenye msumari pamoja na kanga za watu.

Jumapili ndiyo nikapigiwa ile simu nyingine. Kwamba ulikwenda nyumbani Ifunda kuangalia maharage yako, ukaanguka shambani, na hukufika hospitali ya Iringa ukiwa hai.

Jumatatu niliulizwa kuhusu karatasi zote za kesi zako. Nilitoa kila kitu. Nilipoulizwa ukurasa wa mwisho wa hukumu ya Masanja, nikasema sikupewa. Niliogopa. Niliona nitafukuzwa kazi hata kabla hujazikwa. Neno moja lile, "sikupewa", nimekaa nalo miezi mitatu. Juma wa getini ananitania kwamba siku hizi natembea kama mtu aliyemeza faili. Nacheka naye. Hajui amekaribia kiasi gani.

Bahasha sikuifungua. Hilo naomba uliamini hata kama mengine hutayaamini. Niliiweka sandukuni, chini ya nguo za ubatizo za mwanangu, na kila nilipofungua sanduku niliangalia saini yako kama iko nzima. Kuna siku niliishika kuelekea dirishani, kwenye mwanga. Karatasi ya kaki ni nene. Nilishukuru kwamba ni nene.

Wewe unakumbuka yule mama yake Masanja. Anatoka kule bondeni Usangu na magari mawili, anakaa benchi la mbele, na kila tarehe ya kesi anakuja na mfuko wenye shati la mwanawe, limefuliwa na kupigwa pasi, endapo ataachiwa siku hiyo. Kila tarehe anarudi nalo. Wewe ndiye uliyenionyesha. Ulisema, "Umeliona lile shati? Mtu akiletewa shati kila tarehe, sisi hatuna ruhusa ya kuahirisha ovyo." Na kweli hukuahirisha. Mara moja tu, na ilikuwa kwa ajili yangu.

Hilo ndilo linanikaba. Ningebaki siku ile, ungesoma Ijumaa. Kama ulimwona hana hatia, angelala kwao Ijumaa hiyohiyo. Sasa yumo rumande mwezi wa tatu tangu uondoke, na hakuna ajuaye ulimwonaje.

Jaji mpya hakuanza kesi upya. Mawakili walikubali aendelee na ushahidi uliokwisha kuandikwa. Amesoma yote, najua, nimeona alama zake pembeni. Lakini yeye anasoma, wewe ulikwenda kupaona. Nakumbuka siku ile kwenye mfereji wa mpunga, mawakili wa pande zote wapo, askari wapo, Masanja yupo na pingu. Shahidi alikuwa amesema alimtambua ng'ambo ya mashamba kwa kofia na fimbo yake. Ukanituma mimi na dereva tuvuke, tuvae kofia za wachungaji, tusimame pale aliposema. Tope lilinifika magotini. Tuliporudi ukamwuliza shahidi mbele ya wote yupi kati yetu alisimama kushoto, nami nilikuwa nimesimama kulia. Akanyoosha kidole kwangu, akasema ni huyu. Watu wakacheka, hata askari. Wewe hukucheka. Uliandika. Ndani ya gari ndipo ukaniambia kwamba ukiwa afisa tarafa uliwahi kumkemea mfugaji mmoja hadharani kwa ng'ombe walioingia shambani, kumbe aliyewachunga ni ndugu yake anayefanana naye, na kwamba aibu ile ilikufundisha kuliko chuo cha sheria.

Hayo yamo kwenye faili, mistari saba. Mistari saba, Mama, na tope lote lile. Je, mtu akiisoma atauona umbali ule? Sijui. 

Jana mama yake Masanja alinikuta pale sokoni Mwanjelwa, nanunua mchele. Alinishika mkono, akanivuta pembeni ya mizani. "Mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa unamwandikia yule mama jaji. Mimi siulizi mambo ya serikali. Niambie tu, keshokutwa nije na shati au nisije nalo?"

Nilimwambia sijui. Ilikuwa kweli, lakini ilitoka kama uongo, kwa sababu akilini niliiona bahasha sandukuni. Akaniachia mkono taratibu, akasema, "Basi pole kwa kazi." Yeye ndiye aliyenipa mimi pole.

Leo asubuhi nikaibeba. Nilimpelekea Naibu Msajili, nikaiweka mezani, nikasimama. Nikamwambia yote, kuanzia gari la Tukuyu hadi lile neno langu. Aliigeuza, akaangalia saini yako kwa muda mrefu. Akauliza, "Dada Tupoki, umesoma?" Nikasema hapana. Akasema hukumu isiyosomwa mahakamani si hukumu, ni karatasi tu, hata kama imeandikwa na jaji. Na kwamba jaji mpya ameshamaliza yake na kuisaini, wala si haki kumpelekea sauti ya mwingine saa hizi. Ataifunga kwenye kabati lake. Kesho, hukumu ikishasomwa, itafunguliwa mbele yake na mbele ya jaji, iingie kwenye kumbukumbu. Nami niwepo.

Kwa hiyo kesho nitasikia mara mbili. Kwanza sauti ya jaji, halafu maandishi yako. Zikikubaliana kwamba yuko huru, nitajua nilimwibia miezi mitatu. Zikikubaliana upande mwingine, Mungu anisamehe, sijui nitasema nini. Lakini zikipishana, Mama? Ikiwa wewe ulimwachia, na kesho anatiwa hatiani? Naibu Msajili anasema kuna rufaa. Anasema bila kuniangalia usoni.

Adhabu yangu sijaijua. Anaweza kuniondoa kazini, na sitabisha. Nakuahidi maelezo yangu yatakuwa ya kweli tupu, hata ile sehemu ya dirishani. Nakuahidi pia kwamba kesho sitakaa nyuma karibu na mlango. Nitakaa benchi la mbele, pembeni ya yule mama, na tutatoka naye pamoja kwa vyovyote itakavyokuwa. Jambo hili likishapita nitapanda gari hadi Ifunda, nipalilie kaburi lako, nikueleze kilichokuwa ndani ya bahasha kana kwamba hukukijua.

Mchana huu nilipotoka ofisini nilipitia pale anapofikia mama yake Masanja, kwa ndugu zake nyuma ya soko. Sikuingia ndani. Nilimwambia mlangoni aje na shati.

Lala salama, Mama. Kesho saa tatu, wakisema wote wasimame, unikumbuke.

Mwanao wa ofisini,
Tupoki