Tresa wa Reli

Kitengela, Jumanne

Dadangu Aketch,

Hujambo huko Ahero? Mimi niko sawa. Kitengela nzima sasa wananiita injinia, na shule niliachia darasa la sita! Behewa langu la mbao, mfano wa lile la treni ya zamani, liko mezani, urefu wa mkono, milango inafunguka. Shida ni viti vya ndani. Sijui vilipangwa vipi. Kwa hivyo jana nilivaa koti la harusi nikaenda maktaba ya reli, Nairobi, kutafuta mchoro wa zamani.

Mama wa pale alinikunjulia karatasi kubwa kama shuka. Pembeni chini imeandikwa: Tracer, Z. Ochola, 1972.

Nikauliza, "Huyu Tresa ni mwanamke gani?"

Akacheka. "Si mwanamke, bwana. Tresa ndiye alinakili mchoro kwa mkono, laini kwa laini."

Aketch, nikasoma tena: Z. Ochola, baba yetu! Baba si alituambia, "Mimi nilikuwa tresa wa reli"? Nasi tukamwita Teresa, tukamcheka mpaka akanyamaza. Mimi ndiye nilianza.

Mchoro wa viti hauko pale. Lakini huenda uko kati ya zile karatasi za bluu kwa sanduku la baba, ambazo mimi, mjanja wa dunia, nilikuambia uwashie jiko! Simu yako haishiki tangu Jumapili, ndio nampa jirani yangu Wangila barua hii, anasafiri huko sasa hivi.

Usiwashe. Ikiwa umebakisha hata moja, ilaze chini ya godoro. Kama zimeisha, pika chai unywe, usijilaumu. Kiberiti nilipiga mimi.

Ndugu yako,
Nick, mtoto wa Tresa