Mama Hapendi Kupigwa Picha

Jumapili, 3 Machi
Naingia mwaka wa tatu tangu niondoke nyumbani. Leo nimenunua kamera. Kuukuu. Fundi rangi wa chumba cha pili anarudi kwao, hataki mzigo, akaniachia kwa bei ya kutupa. Kioo cha nyuma kimekufa — unapiga, huoni ulichopiga. Wenzangu chumbani wamenicheka. Eti plasta imenishinda, sasa nahamia kwenye picha.

Sababu sikuwaambia. Naandika hapa. Baba alifariki bila picha hata moja, na sura yake inanitoka. Masikio nayakumbuka, na kikohozi. Mdomo — hapana. Mama naye anayo moja tu, ya kitambulisho, kakaa kama mtu aliyekamatwa. Akiona kamera anaingia ndani na kufunga mlango. Mdogo wangu wa kike ananiambia siku hizi amepungua, nguo zinampwaya. Nataka nikipata likizo nimpige picha mimi mwenyewe, atoke yeye, siyo yule wa kitambulisho. Na sijui hata kushika hiki kitu.

Jumapili, 10 Machi
Wiki nzima nimepiga watu wakati wa mapumziko, pale tunapojenga. Leo nimepeleka kadi ya kamera kwa jamaa wa duka la picha karibu na kituo. Akaziangalia picha kwenye kompyuta yake. Halafu akaniuliza hawa ni watu au magunia ya mkaa. Wote nimewaweka migongo dirishani! Dirisha limetoka zuri sana. Uso unaoonekana ni mmoja, na nusu yake ni kidole changu.

Alhamisi, 14 Machi
Ngazi juu, ngazi chini. Mabega yanawaka moto. Picha mbili tu. Nalala.

Jumapili, 17 Machi
Aibu nyingine. Safari hii mwanga upo, vichwa ndivyo havipo. Mchomeleaji ameishia shingoni. Mpishi wa kantini amebakiwa na kidevu. Jamaa wa duka alicheka mpaka akatafuta kiti. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia plasta.

"Ndiyo maana. Umepiga picha ya ukuta, fundi. Hawa watu walikuwa wanapita tu."

Kweli tupu. Nikiweka jicho kwenye kitundu cha kamera naona kona, naona mstari wa dari, naanza kunyoosha. Ukuta umenyooka safi kabisa, mtu nimemsahau. Nilipotoka nilitaka kuitupa kamera kwenye pipa la barabarani. Nikaishia kuinunulia betri.

Jumatano, 20 Machi
Kumbe! Tukimaliza ukuta, msimamizi hamuliki kwa mbele. Taa anaiweka ubavuni, karibu kabisa na plasta. Kwa mbele kila kitu kinaonekana sawa. Kwa pembeni kila kibonde na kila kinundu kinajitokeza, huwezi kumdanganya. Miaka yote naona jambo hilo na sijawahi kulifikiria. Basi uso nao si vibonde na vinundu? Nikamwomba mchomeleaji akae ubavu dirishani. Alilalamika chai yake inapoa. Nikampiga hivyo hivyo akilalamika.

Jumapili, 24 Machi
Mchomeleaji ametoka! Pua, kovu la juu ya jicho, vumbi kwenye nyusi. Jamaa wa duka hakucheka. Aliitazama kidogo, akasema huyu sasa akikutana naye njiani atamsalimu.

Mwenyewe amekasirika. Alitaka picha ya koti na viatu. Anasema mkewe akiiona hii atadhani tunalala mferejini. Tumepatana nimpige nyingine akiwa amevaa koti. Ile ya vumbi kaniachia mimi.

Ijumaa, 5 Aprili
Ofisini kwa msimamizi kuna mama mfagizi. Umri ni wa mama yangu, na ukaidi ni ule ule. Kila nikimwomba picha anakataa. Leo amekubali, nadhani kwa kunionea huruma. Nikamsimamisha mlangoni, mwanga wa pembeni, kila kitu tayari — akakauka! Mikono imenyooka, macho yamemtoka, hata pumzi ameibana. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Mwanangu, umenisimamisha kama mlingoti wa bendera, unategemea nini? Niache na kazi yangu, nijisahau kidogo."

Akarudi kukamua dekio, huku ananisimulia jinsi mkwewe anavyokoroma mpaka paka anahama nyumba. Nikamwacha aongee. Nikapiga katikati ya habari.

Jumatatu, 15 Aprili
Jana nimeisafisha picha yake, leo nimempelekea. Kichwa kipo chote. Yuko karibu kucheka, unaona kabisa kuna mtu anasengenywa. Hakusema asante. Aliitazama, akaigeuza nyuma kama kuna kitu kimeandikwa, akaitazama tena. Akauliza kama anaweza kupata nyingine ya kumpa dada yake.

Zilizoharibika bado ni nyingi kuliko nzuri. Kipaji sina, najijua. Lakini mkono unaanza kuzoea, kama ulivyozoea mwiko wa plasta. Nao mwanzoni ulikuwa unaniangushia udongo wote miguuni.

Nimeomba likizo. Msimamizi amesema ataangalia.

Jumanne, 23 Aprili
Imekubaliwa! Nikampigia mdogo wangu, akampa mama simu. Sauti imekuwa nyembamba, ilinishtua. Maneno ni yale yale. Nikamwambia nakuja, na kamera nakuja nayo.

"Wewe njoo, baba. Hilo dude liache huko huko."

Nikambembeleza. Awe jikoni tu, na shughuli zake, hata asinitazame. Akasema simu inamuumiza sikio, akamrudishia mwenyewe.

Nimekaa kitandani, kamera mapajani. Nibebe, nisibebe? Nitabeba.

Alhamisi, 25 Aprili
Leo mdogo wangu kapiga yeye, anacheka hata kuongea hawezi. Mama ametoa gauni la bluu sandukuni, lile la kutokea, ameliweka kwenye kamba. Akiulizwa anasema linapigwa upepo tu, lilikuwa linanuka sanduku. Jana jioni mdogo wangu amemkuta amesimama wima nje ukutani, mikono ubavuni, kidevu juu, anataka aambiwe kama watu husimama hivyo.

Ukutani! Mungu wangu. Nimejifunza kumpiga mtu aliyejisahau. Huyu amejiandaa, na bado hawezi kusema kwamba amejiandaa. Nikimwambia akae jikoni na gauni lile, atanifukuza. Nikimwacha pale ukutani, atakauka. Labda nisimwambie kitu. Nimuulize habari za majirani, nisubiri.

Betri zimejaa. Basi linaondoka kesho alfajiri. Natarajia kufika Jumamosi kama saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado linaupiga ule ukuta kwa pembeni.