Upande wa Ndani wa Kifuniko

Tata Tshimanga,

Kifuniko cha injini yako kiko hapa mezani, juu ya gazeti. Leo nimekiosha mara ya tatu bila sababu. Hakina uchafu tena. Ni mimi tu niliyetafuta kazi ya mikono kabla ya kukuandikia.

Ngalula ametuma barua. Imeletwa na mfanyabiashara mmoja wa kanisa lenu, anayekwenda na kurudi kwa treni. Binti yako ameniandikia kwa adabu, kama mtu anayemwandikia rafiki wa baba yake. Ndipo nilipojua kwamba hukufika Kasai. Ulifia ndani ya behewa, wakakuzika kando ya reli treni iliposimama. Mimi nilikuwa nakuwaza uko hai, barazani kwa watu, ukikwangua grisi ya injini nyingine.

Haulizi habari za pikipiki yako. Anaomba kifuniko kimoja tu, cha upande wa kushoto, kwa sababu ya maandishi yaliyomo ndani.

Tata, maandishi hayapo.

Ngoja nikueleze kwa utaratibu, maana nikiacha utaratibu nitaanza kujitetea. Unakumbuka nilivyokuletea pikipiki ya marehemu baba, injini imeganda, kasha lake la alumini jeusi kama chungu. Ulinitazama mikono ukacheka: "We karani, ile mikono ni laini kama ya bebe." Kisha ukanipa kijiti cha mti na mswaki mkuukuu, ukaniketisha mbele ya beseni la mafuta ya taa. Kila nikitoka ofisini nilipita kwako. Nilijifunza kutoa grisi kwa kijiti, si kwa bisibisi; kusugua kwa msasa laini uliolowa maji ya sabuni; kungoja. Nilipokazana sana ulinishika mkono: "Polepole, mutoto yangu. Alimini ikitoka, hairudiake."

Na kabla ya kufunga injini, ulichukua msumari ukaandika jina la mwenyewe ndani ya kifuniko, upande usioonekana. Ulifanya hivyo kwa kila injini. Ulisema fundi atakayeifungua kesho ajue ni ya nani. Jina la baba yangu uliliandika vile, na lipo hadi leo. Napita nalo mtaani Manika kila asubuhi, nikienda kazini.

Kwenye kifuniko chako mlikuwa wawili. Juu, jina lako, herufi zimenyooka. Chini yake, NGALULA, aliloliandika mwenyewe akiwa na miaka sita, wewe umemshika kiwiko. L moja ilitazama nyuma. Ulinionyesha kwa fahari kuliko ulivyonionyesha kitu kingine chochote.

Siku ninyi Wakasai mlipoambiwa mwondoke mkoani, mrudi kwenu, ulinikabidhi vyuma vyote vya injini yako vikiwa bado ndani ya beseni. "Malizia kazi, karani. Mambo ikitulia, nitakuya kukamata vyuma yangu."

Nilivibeba hadi nyumbani nimevifunika kwa kanga ya mama. Wiki ile vijana walikuwa wanaingia nyumba kwa nyumba wakitafuta mali ya Wakasai, na aliyekutwa nayo aliulizwa yeye ni wa upande gani. Mimi baba yangu alitoka Kapanga, mkoani humu humu, hakuna aliyewahi kuniuliza kitu. Lakini ofisini mkubwa wangu alitaja jina lako mbele ya wote, akataka kujua ninakwenda kufanya nini kwako kila jioni. Nikajibu: "Ni fundi tu. Namujua kidogo."

Kidogo, Tata.

Jioni ile nilichukua msasa mkali, ule uliosema haugusi alumini. Vijana hawakuwa mlangoni kwangu. Hawakuwa hata mtaani kwetu. Nilianza na jina lako. Nikafuta na lake, ingawa nilikuwa na nafasi ya kufikiri katikati. Kisha mikwaruzo ikanitia hofu, kwa kuwa ilionyesha wazi kuna kitu kimefutwa, basi nikasugua kwa msasa laini, nikapaka dawa ya kung'arisha, nikafanya kila kitu ulichonifundisha. Ni kazi yangu nzuri kuliko zote. Ndani yake kunang'aa kuliko nje, jambo ambalo hakuna fundi angelifanya.

Na kituoni nilikuja. Hukuniona. Mlikuwa mmekaa wiki nyingi mkingoja treni chini ya maturubai, nami nilikuwa na mkate mfukoni. Nilikuona umekalia sanduku lako la vifaa, kofia mkononi. Kisha nikamwona mwenzangu wa ofisini amesimama getini na wale vijana. Nikageuka. Mkate niliula njiani, haraka, ili mama asiuone nikirudi.

Jana nimefanya jambo baya jingine, au nimekaribia. Nilichukua msumari. Mwandiko wako naujua, na kuiga mwandiko si kazi ngumu kwa karani. Nilijaribu juu ya kifuniko cha kopo la maziwa, na jina lako likatoka sawasawa. Ngalula angelia, angeshukuru, na asingejua kamwe. Kisha nikajaribu jina lake. Nikaandika mara sita, saba. Niligeuza ile L kwa makusudi, ikaonekana imegeuzwa kwa makusudi. Mkono wangu hauwezi kuwa wa mtoto uliyemshika kiwiko. Kopo nimelitupa.

Jumamosi yule mfanyabiashara anarudi Kasai. Nitampa kifuniko kama kilivyo, na barua kwa Ngalula. Nitamwandikia niliyokuandikia wewe, na ya mkate pia. Akinijibu kwa matusi nitayasoma yote. Asiponijibu nitajua hilo ndilo jibu lake.

Kifuniko kingine na makasha nitavitunza, na anayeuliza nitamwambia ni vya nani kabla hajauliza mara ya pili. Ninaogopa hata ninapoandika hivi. Lakini nitasema jina lako lote, kwa sauti, hata ofisini.

Pumzika hapo ulipo, Tata. Kazi uliyoniachia sikuimaliza, niliizidisha.

Mimi, karani wako.