Redio Si Maiti

Mjukuu wangu Akinyi,

Hapa Buruburu tuko wazima. Babu yako anakohoa, lakini ugali anaumaliza.

Uliuliza mbona uso wangu huganda tukiongea kwa simu. Nimekasirika hata sasa! Fundi alikuja akasema nyumba ni kubwa, ninunue mashine ya pili ya waifai. Nyumba gani kubwa, hii ya vyumba vitatu?

Alipoondoka nikamkumbuka baba. Tukiwa wadogo kule Pumwani, mama aliifungia redio ya baba kabatini, katikati ya sufuria za wageni, akaifunika kitambaa. Ikawa inakoroma tu. Baba akafoka, "Redio si maiti! Mbona mnaizika?"

Nikafungua kabati langu. Mashine ya waifai ilikuwa nyuma ya sinia za bati, chini ya kitambaa nilichofuma mwenyewe. Hasira zote nilizomkasirikia fundi zikanigeukia.

Nimeiweka juu ya rafu koridoni, peupe. Sasa inashika hadi chumbani, na sikutoa hata shilingi.

Basi miezi mitatu hukupiga simu, ukisema mtandao wa nyanya ni mbaya. Mtandao umepona. Tuone sasa utasingizia nini.

Nyanya yako, aliyenuna.