Waliotupungia Mikono

Mjukuu wangu Salma,

Wengi hudhani meli ya kivita ya kusindikiza misafara ya meli nyingine ipo ili kuokoa watu. Hata mimi nilidhani hivyo. Hapa mtaani kwetu Jeppestown tu wazima, ila baridi inamtesa bibi yako magoti. Umeniuliza kama usaini kazi ya ubaharia kwenye meli kama hiyo, basi nisikilize.

Ujanani nilikuwa napaka mafuta mitambo melini. Fundi wetu mkuu, Mjapani, alitumikia meli ya kusindikiza wakati wa vita vya pili vya dunia. Siku moja tukila nikamtania, "Mzee, uliokoa wangapi?"

"Hakuna." Akaweka kijiko chini. "Meli ya askari wetu ilizamishwa. Nyambizi ya adui ikajificha chini ya waliokuwa wakiogelea. Nikaamriwa kutupa mabomu ya kulipua nyambizi palepale."

"Juu ya wenzenu?"

"Walikuwa wanatupungia mikono. Walidhani tumewafuata wao."

Nikasukuma sahani kando, Salma. Mzee yule hakuwa katili. Aliniambia hakujua kuwa amri ya namna hiyo ipo, mpaka alipoisikia.

Basi kabla hujasaini, muulize nahodha: mtu akiwa majini, meli itasimama?

Babu yako